Bastola ya mpanda farasi ikae mwilini, si kwenye tandiko

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumze na wamiliki halali wa silaha ambao pia ni wapanda farasi, hasa wale wanaotoka mwisho wa wiki kwenda kupanda kwenye fukwe za hapa Dar es Salaam. Mtu ana leseni, ana bastola, hataki kuiacha kwenye gari. Akifika bandani anaisokomeza kwenye mkoba wa tandiko, au anaichomeka nyuma ya kiuno, anapanda na kuondoka. Njia zote mbili ni za hatari. Farasi akiwa anatembea taratibu hatari hiyo haionekani, inajitokeza akishtuka.

Tuanze na mkoba wa tandiko. Farasi kinga yake ya kwanza ni kukimbia. Mfuko wa nailoni uliopeperushwa na upepo, bodaboda iliyopiga resi nyuma yake, mbwa aliyechomoza vichakani, chochote kati ya hivyo kinatosha kumfanya aruke pembeni mara moja. Mpanda akianguka, farasi anaondoka na tandiko, na tandiko linaondoka na bastola. Mara nyingi atakimbia kuelekea bandani kwake, na njiani kuna wavuvi, wauza madafu na watoto wanaocheza mchangani. Atakayemshika hatamu atakuwa ameshika pia silaha yenye risasi bila kujua. Na mwenye leseni, ambaye ndiye anayewajibika kwa ulinzi wa silaha hiyo chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, atakuwa amekaa chini akitafuta pumzi.

Kwa hiyo bastola ikae kwenye mwili wa mpanda. Kama haiwezi kukaa hapo ikatulia, ibaki nyumbani kwenye sefu. Kwa maoni yetu, wengi wanaopanda saa moja ufukweni wakiwa kundi hawana haja ya kubeba bastola hata kidogo, na tunawasihi waiache. Yanayofuata ni kwa yule mwenye sababu ya kweli, na ambaye leseni yake inamruhusu.

Farasi ana miendo kadhaa, lakini mwendo wa matiti ndio unaotoa siri ya vifaa vibovu. Hapo miguu yake inakwenda kwa jozi za kukingamana, pigo mbili, na kila pigo linamrusha mpanda juu na kumrudisha chini. Bastola ya milimita 9 ya ukubwa wa kati, magazini ikiwa imejaa, ina uzito unaokaribia gramu 850. Uzito huo ukipanda na kushuka dakika ishirini mfululizo kwenye mkanda laini, ala, yaani mfuko wa kuvalia bastola, inaanza kuinama nje, mpini unavuta kwenda chini, na bastola inajitoa kidogo kidogo. Mpanda hahisi kitu, kwa sababu mwili wake wote unatikisika. Akiingia kwenye mkimbio au shoti anainama mbele, kiuno kinajikunja, shati linapanda, na kile kilichokuwa kimefichika kinabaki wazi mgongoni.

Mkanda basi ndio msingi. Suruali za kupandia farasi zimeshonwa kwa kitambaa kinachovutika, na vitanzi vyake ni vyembamba. Haziwezi kubeba silaha. Tafuta mkanda mgumu wa upana wa kama sentimita 4, wa ngozi ya tabaka mbili au nailoni yenye kiini cha plastiki, unaoweza kuvaliwa peke yake juu ya suruali na chini ya shati. Kipimo chake ni rahisi: ushike kwa ncha moja ukiwa umelala ubavu, ukilegea mara moja na kuning'inia, haufai. Ala iunganishwe na mkanda kwa vitanzi viwili vilivyofungwa kwa skrubu. Zile zinazokaa kwa bamba pana linaloingizwa ndani ya suruali hazifai kwa farasi, maana ukivuta bastola kwa nguvu, au ukianguka na kuburuzwa, ala nzima inatoka pamoja na silaha.

Sasa ala yenyewe. Ifunike kifyatulio chote kwa kitu kigumu, ngozi nene iliyofinyangwa au plastiki ngumu kama Kydex, kiasi kwamba ukibonyeza kwa kidole kutoka nje hakuna kinachosogea ndani. Mikanda ya tumbo ya kitambaa cha kuvutika inapendwa kwa sababu inaficha vizuri na haidai suruali maalumu. Lakini nyingi zina mfuko laini tu, na ukingo wa tandiko, kona ya kikuku cha kukanyagia au funguo mfukoni vinaweza kusukuma kitambaa kikaingia kwenye kifyatulio. Ukitaka mkanda wa tumbo, chagua wenye ganda gumu lililoshonewa ndani yake.

Ala ya kubana tu, ile inayoshika bastola kwa msuguano, inamtosha mtu anayetembea dukani. Juu ya farasi inahitajika kufuli ya pili: kamba fupi ya ngozi inayopita nyuma ya bastola na kufunguliwa kwa dole gumba, au kidude cha ndani kinachoachia kwa kubonyezwa na dole gumba hilohilo. Tunasisitiza dole gumba. Zipo ala zinazofunguliwa kwa kidole cha shahada, na kidole hicho kikibonyeza kwa pupa wakati bastola inatoka, kinateleza moja kwa moja hadi kwenye kifyatulio. Kidole cha shahada kisipewe kazi yoyote wakati wa kuchomoa isipokuwa kulala kimenyooka ubavuni mwa bastola.

Kifungo cha kamba hiyo kikague kwa macho na kwa mkono. Kwenye ngozi iliyolowa jasho mara nyingi, shimo kinapokaa kifungo hupanuka na ngozi hulegea. Kinatoa mlio kana kwamba kimefunga, kumbe ukikisukuma kwa ukucha kinafunguka. Kifungo kizima kinadai nguvu ya gumba, na mlio wake ni mkavu. Kikianza kufunguka kwa ukucha, fundi wa viatu anayejua kazi yake atakibadilisha kwa muda mfupi.

Kabla ya kuiamini ala, ijaribu. Ondoa magazini, vuta sehemu ya juu ya bastola nyuma, angalia chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa, kwa macho kisha ingiza ncha ya kidole uhakikishe ni tupu. Risasi zote zipeleke chumba kingine. Weka bastola kwenye ala, funga, igeuze juu chini juu ya godoro na uitikise kwa nguvu mara kumi. Isipotoka, ivae, uruke kamba dakika mbili, ujiviringishe kwenye godoro ubavu hadi ubavu, kisha ukae kwenye mkono wa kochi kama umepanda farasi na kuinama mbele hadi kifua kiguse magoti. Ukimaliza, shika mpini: ukikuta umepanda hata nusu sentimita, kaza skrubu za ala na urudie yote. Baada ya hapo panda farasi mara kadhaa ukiwa na bastola bandia ya plastiki ya uzito unaokaribia, si ya kweli. Humo ndimo utakapojua panapochubua na panapogonga.

Mahali pa kuivaa pana ubishi mwingi, na hapa tunasema wazi tunachokiamini. Nyuma ya kiuno, katikati, usiweke kamwe. Ukianguka chali unaangukia kipande cha chuma kilichokaa juu ya pingili za uti wa mgongo, na mchanga uliolowa maji si laini kama watu wanavyodhani. Zaidi ya hayo, hapo ndipo shati linapofunuka kwanza ukiinama, na ndipo mtu aliye nyuma yako anapofika kirahisi kuliko wewe mwenyewe.

Mbele ya tumbo, karibu na kinena, ni pazuri kwa mtu aliyesimama. Ukikaa kwenye tandiko paja linapanda, mtutu unabanwa kati ya paja na tumbo, nao unaelekea moja kwa moja kwenye mshipa mkubwa wa damu wa pajani. Na wakati wa kushuka ndipo mambo huharibika: mpanda anateleza chini kifua na tumbo vikisugua tandiko, klipu inanasa kwenye ukingo, ala inanyanyuka. Kifundoni pia hapafai, kwa sababu mguu ndio unaozungumza na farasi. Chuma kikimgonga ubavuni kila hatua utamchanganya, na kinaweza kunasa kwenye kamba ya kikuku. Ala za kwapani zina kasoro yake. Zile zinazolaza bastola zinaelekeza mtutu kwa kila anayekufuata nyuma, na kwenye msafara wa farasi daima kuna anayekufuata.

Panapobaki ni kwenye nyonga ya mkono wenye nguvu, juu ya mfupa au nyuma yake kidogo, mpini ukiwa umeinamishwa mbele nyuzi 10 hadi 15. Anayetumia mkono wa kulia ana bahati: farasi hupandwa na kushukwa kutoka kushoto, kwa hiyo nyonga ya kulia haisuguani na tandiko. Anayetumia mkono wa kushoto atakuta bastola yake iko upande uleule unaogusa farasi wakati wa kupanda. Ama amzoeze farasi kupandwa kutoka kulia, jambo linalowezekana kwa farasi mtulivu na saisi mvumilivu, ama apande kwa kutumia ngazi fupi ili mwili usiburuzike. Ngazi hiyo tunaishauri kwa kila mtu. Inapunguza kuinama, na inamwepushia farasi mvuto wa upande mmoja mgongoni.

Chaguo jingine linalofaa ni ala ya kifuani, inayokaa juu ya mbavu na kufungwa kwa mikanda minne. Haichezi hata kwenye shoti. Kuificha ndiyo kazi, kwani inataka kizibao kipana, na ukianguka kifudifudi itaziumiza mbavu. Mwenye kuvaa fulana ya kinga ya kupandia farasi ajue pia kwamba bastola iliyo chini yake haifikiki, na iliyo juu yake inaonekana. Kofia ngumu na fulana ya kinga zitakuokoa mara nyingi zaidi kuliko bastola. Ukilazimika kuacha kimoja, acha bastola.

Kuhusu kuificha, adui wa Dar es Salaam ni upepo. Kipindi cha kusi shati jepesi linabebwa lote. Vaa shati lisilobana, lenye maua au mistari, linaloshuka sentimita 15 hadi 20 chini ya mkanda, au kizibao chenye zipu. Jaketi lenye kamba za kukazia kiunoni kata kamba hizo: zinaweza kuingia pamoja na bastola inaporudishwa kwenye ala na kuvuta kifyatulio.

Swali la risasi kwenye chemba linaulizwa kila mara. Kwa mpanda farasi jibu letu ni chemba tupu, ukiacha wachache sana wenye mafunzo ya kazi. Tunajua hoja ya upande wa pili: mkono mmoja umeshika hatamu, na kuingiza risasi kunataka mikono miwili. Ni kweli. Lakini uwezekano wa kuanguka juu ya farasi ni mkubwa kuliko ule wa kuhitaji kufyatua ndani ya sekunde moja, na baadhi ya bastola za zamani hazina ndani kizuizi cha pini inayogonga risasi, hivyo zikigonga chini kwa nguvu zinaweza kulia zenyewe. Mwenye rivolva ya muundo wa kale, ambayo nyundo yake hukaa moja kwa moja juu ya risasi, aweke risasi tano kwenye silinda ya matundu sita na nyundo ilale juu ya tundu tupu.

Jeshi la Marekani lilipoipitisha bastola ya M1911 mnamo Machi 1911, wapanda farasi wake walikuwa na sauti kubwa kwenye muundo. Kizuizi cha dole gumba kiliongezwa ili askari aweze kurudisha bastola iliyo tayari kwenye ala kwa mkono mmoja, huku mwingine ukimdhibiti farasi. Chini ya mpini palikuwa na pete ya kufungia kamba, na rivolva za Webley za Waingereza zilikuwa na pete kama hiyo. Kamba hiyo bado ina maana leo: ikiponyoka mkononi, bastola inaning'inia badala ya kupotea. Ifungwe kwenye mkanda wako, iwe ya kujikunja kama waya wa simu ya mezani. Isizungushwe shingoni, wala isifungwe kwenye tandiko.

Siku yenyewe ya kupanda, kazi yote ya silaha imalizike kabla hujasogea karibu na farasi. Jaza magazini nyumbani, weka bastola kwenye ala polepole ukiiangalia, funga kifungo, teremsha shati. Kuanzia hapo mkono usiiguse tena hadi urudi. Kujipapasa kiunoni kila dakika ndiko kunakowaambia watu una nini. Mwambie faragha kiongozi wa msafara kwamba umebeba, ili ukianguka na kuzimia ajue kabla ya watu kuanza kukuvua nguo. Ukifika matiti ya kwanza, simamisha farasi baada ya dakika tano na ubonyeze kwa kiwiko tu kuhakikisha ala haijahama.

Ukianguka, mkono usikimbilie bastola. Tulia, sikiliza shingo na mgongo, mwache mwenzako amfuate farasi. Ukishasimama, hisi kwa kiganja juu ya shati kama ipo. Kama ala ilizama mchangani, bastola hiyo haifai kufyatuliwa hadi ikaguliwe, kwa sababu mchanga au tope kwenye mtutu huweza kuupasua risasi ikipita. Kama haipo, usiondoke. Chomeka fimbo au weka kofia mahali ulipoangukia, mmoja abaki hapo, wengine warudi nyuma kwa kufuata kwato, wakitembea kwa miguu. Angalieni maji. Wakati wa bamvua bahari hapa hupanda zaidi ya mita 3, na ufuo uliokuwa mkavu saa mbili zilizopita unaweza kuwa chini ya mawimbi. Isipopatikana, nenda kituo cha polisi cha karibu palepale ukiwa na leseni na namba ya silaha. Namba hiyo iandikwe pia mahali pengine nyumbani, si kwenye pochi pekee.

Kufyatua ukiwa juu ya farasi ambaye hajafunzwa tunasema hapana. Mlio wa bastola hupita desibeli 150, kiwango kinachoharibu masikio ya mtu na ya mnyama papo hapo. Shingo ya farasi iko mbele yako, mkono wako wa kushoto umeshika hatamu palepale mtutu unapopita, na baada ya mlio hutakuwa tena na uwezo wa kulenga wala kukaa. Huko Marekani kuna mchezo wa kupiga maputo kutoka juu ya farasi, lakini wanatumia baruti isiyo na kichwa cha risasi, na farasi huzoeshwa mlio hatua kwa hatua kabla ya kuingia uwanjani. Kwa mpanda wa kawaida, farasi mwenyewe ndiye kinga: akipiga shoti anakwenda kilomita 40 kwa saa na zaidi. Geuza, ondoka.

Ukirudi nyumbani usiitupe bastola kabatini ilivyo. Jasho la mtu, jasho la farasi na chumvi ya bahari vinaanza kula chuma usiku huohuo. Toa risasi, futa kila sehemu kwa kitambaa laini, paka mafuta membamba, sugua manyoya na mchanga kwa mswaki. Ala ya ngozi ikauke kivulini, bastola isilale ndani yake. Skrubu zikague kila ukirudi, kwani mtikisiko wa farasi huzilegeza. Tone la gundi ya skrubu inayofunguka kwa bisibisi linasaidia. Na kama una mazoea ya kuingiza risasi ileile kwenye chemba na kuitoa kila siku, ipime kando ya mpya. Kichwa kikiwa kimesukumwa ndani ya ganda, hata kwa milimita moja, itenge. Shinikizo lake risasi ikilipuka linaweza kuwa kubwa kupita kiasi.

Wenye mabanda ya farasi tunawaomba mambo mawili. Wekeni sefu ndogo ya chuma ofisini, iliyofungwa ukutani kwa bolti kutoka ndani, ili mgeni aliyekuja na bastola asiitundike msumarini kwenye chumba cha matandiko wala kumkabidhi saisi. Na pembeni ya ofisi hiyo, mbali na farasi na watoto, wekeni pipa lililojazwa mchanga na kuinamishwa, ambalo mtu ataelekezea mtutu anapotoa risasi kabla ya kuiweka silaha kwenye sefu.

Wapanda farasi na wakufunzi wa matumizi ya silaha,
Kigamboni, Dar es Salaam